Gari Kuukuu Huchunguzwa Likiwa Limepoa

Kununua gari dogo lililotumika, kwa wasomaji wa Ngara na Biharamulo: makala ya pili

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilisimama na shemeji yangu wa Murukulazo mbele ya Toyota Vitz ya rangi ya fedha, namba C, iliyooshwa ikaoshwa tena, matairi yamepakwa dawa yakameremeta. Shemeji ananunua maharage vijijini na kuyauza mjini. Amechoka kubanana kwenye michomoko, vile vigari vya abiria, kila siku ya soko, magunia yake yakifuata baadaye kwa bodaboda. Moyo wake ulikwishaingia ndani ya gari lile kabla yetu. Kijana mwenye gari alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo, mwalimu," nami nikamwitikia huku kiganja changu kikiwa juu ya boneti. Boneti ilikuwa ya moto.

"Umetoka nalo wapi asubuhi hii, mwanangu?"

"Halijatoka, mwalimu. Nimeliwasha tu lipate joto ili msisumbuke."

Nilimshukuru, nikamwomba turudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, nikamsihi asiguse ufunguo mpaka tufike. Shemeji alinitazama kama mtu aliyevunjiwa uchumba. Lakini alinyamaza, maana anajua kilichonipata. Miaka mingi iliyopita nilinunua Starlet kwa namna hiyo hiyo: niliiona mchana, ikiwa ya moto, ikinguruma kwa upole. Wiki ya tatu ilichemsha kwenye mwinuko wa kuingia Ngara mjini, nikiwa na mgonjwa kiti cha nyuma, na giza linaingia. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekufa siku nyingi, na aliyeniuzia alijua. Mgonjwa wetu alifika hospitali usiku wa manane kwa gari la msamaria. Ndiyo maana naandika mfululizo huu.

Juma lililopita tulimaliza karatasi, na sitarudia yote. Namba ya chesisi iliyochongwa kwenye chuma lazima ifanane, herufi kwa herufi, na iliyo kwenye kadi ya TRA. Faini za barabarani na madeni ya maegesho hufuata namba ya gari, hivyo huangaliwa mapema kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi na ule wa maegesho. Na sisi tunaoishi kati ya Rusumo na Kabanga tuna mtego ambao mtu wa Dodoma hana, yaani gari lenye namba za kigeni linalouzwa kwa bei ya kutupa. Gari lililovuka mpaka kwa kibali cha muda halijalipiwa ushuru, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 haitazami huruma: linaweza kukamatwa likiwa mikononi mwako wewe uliyelinunua kwa nia njema.

Jambo moja la karatasi nililipitia haraka nalo linahitaji neno zaidi. Mitaani gari husifiwa kwa herufi: hili namba D, lile namba E, kama vile herufi ndiyo umri. Herufi ile hueleza lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Vitz iliyotengenezwa mwaka 2001 ikakaa Japani miaka kumi na mitano inaweza kuvaa namba D, na ndugu yake wa mwaka 2004 aliyeletwa mapema akavaa namba B. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi, na mara nyingi umo pia kwenye kile kikaratasi cha kitambaa kilichoshonwa chini ya mkanda wa usalama. Uvute mkanda mpaka mwisho ukisome. Mikanda hiyo mtu hana sababu ya kuibadilisha, ndiyo sababu naiamini kuliko maneno.

Kwa nini tuna vigari hivi kwa wingi namna hii? Kodi ina mkono wake. Kwa miaka mingi gari lenye injini isiyozidi ujazo wa cc 1000 limesamehewa ule ushuru wa bidhaa unaokokotolewa kwa ukubwa wa injini, na linalozidi hapo limelipa. Ndipo Vitz ya cc 997 ikawa gari la mwalimu, la nesi na la mfanyabiashara mdogo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa magari ya miaka kumi na mitano na zaidi. Tanzania haikufunga, hutoza nyongeza kwa uchakavu. Kwa hiyo hapa kwetu bado zinauzwa Starlet, ambazo Toyota iliacha kuzitengeneza mwaka 1999, pamoja na Vitz za toleo la kwanza zilizozirithi mwaka huo huo, na IST zilizoanza mwaka 2002. Gari la miaka ishirini na ushee si aibu hata kidogo. Yapo yatakayotembea miaka kumi mingine. Kazi ni kulijua lipi.

Tuliporudi Jumapili alfajiri ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na boneti ilikuwa na umande. Hilo ndilo nililolitaka. Gari likilala usiku kucha, oili yote huteremka chini kwenye sampu, vyuma husinyaa, na maji ya rejeta hupoa. Likiwashwa katika hali hiyo, kila palipolika pataonekana katika dakika ya kwanza. Likishapata moto, vyuma hutanuka na kuziba nafasi, na oili huwa imekwisha kusambaa na kufunika milio.

Kabla ya kuwasha tulipima oili. Kijiti kikitoka na oili nyeusi, si dhambi. Kikitoka na oili ya rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiendelee. Hapa nitoe tahadhari kwa mafundi wetu wanaofungua kifuniko cha oili, wakaona utando mweupe chini yake na kutangaza kifo. Kwenye baridi ya milima yetu, gari linalotembea safari fupi fupi hukusanya mvuke pale juu, na mvuke huo hufanya utando huo huo bila gasketi kuwa na hatia. Kijiti ndicho cha kuaminiwa: kikiwa safi na kifuniko kina utando, endelea na vipimo vingine kabla ya kuhukumu.

Kisha rejeta, na hapa nitakaa, kwa sababu magari mengi madogo ninayoyajua wilayani kwetu yalikufa kwa joto. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi tu. Ikiwa moto maji yataruka yakuunguze uso. Ndani unatakiwa kuona kulanti, yale maji ya kijani au mekundu yanayouzwa kwenye galoni. Ukiona maji ya kahawia kama ya mto Ruvubu wakati wa masika, jua gari limelishwa maji ya kisimani kwa miaka, na kutu imekwisha kula njia nyembamba za rejeta na feni ya pampu ya maji.

Fizikia yake ni rahisi na inafaa kila mwenye gari wa milimani aijue. Maji ya sufuria pale Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye kilima cha mita 1,500 hewa ni nyepesi, na maji yale yale huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Injini ya gari hupenda kufanya kazi kwenye nyuzi 90, kwa hiyo ingebaki nafasi ndogo mno. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kina springi inayoziba maji yasitoke mpaka presha ifike kiwango fulani, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki hadi karibu nyuzi 115 au 120. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, gari linachemsha kwenye mlima hata kama kila kitu kingine ni kizima. Kifuniko kipya ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa. Nimeona watu wakiuza magari kwa hasara kwa sababu yake.

Tatizo la pili ni thamostati. Gari likianza kuchemsha, fundi wa haraka huing'oa na kuitupa, na kweli gari hupoa kwa muda. Lakini thamostati ndiyo inayoyazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Bila hiyo injini hutembea na baridi, hula mafuta, hujaza masizi na kulika mapema, na ugonjwa wa kweli unabaki pale pale umefichwa. Muulize muuzaji, "Thamostati ipo?" na usikilize anavyojibu. Kisha ulijue mwenyewe: washa gari likiwa baridi, na shika paipu la juu la rejeta. Thamostati ikiwepo, paipu hubaki la baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla hupata moto. Isipokuwepo, paipu hupata uvuguvugu tangu mwanzo, taratibu.

Kipimo kikubwa cha gasketi ni hiki. Acha kifuniko wazi, washa injini, tazama maji. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyokuwa imebaki. Lakini mapovu yakiendelea kuja bila kukoma, yakifuata mlio wa injini, na yakizidi unapokanyaga mafuta, hiyo ni hewa ya moto kutoka kwenye silinda inayopenya kwenye gasketi na kuingia kwenye maji. Hapo hakuna mjadala tena.

Tukiwa bado kwenye swichi: geuza ufunguo nusu kabla ya kuwasha, utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake, halafu izime injini ikishaunguruma. Watu wengi huogopa taa inayowaka. Mimi huogopa zaidi taa isiyowaka kabisa, kwa sababu mtu ameing'oa au ameiziba. Taa ya mifuko ya hewa vivyo hivyo.

Vitz ya toleo la kwanza yenye lita moja ina silinda nne na hutulia vizuri. Za toleo la pili, kuanzia mwaka 2005, zenye lita moja, zina silinda tatu, sawa na Passo. Hizo hutetema kidogo zikiwa zimesimama, na kutetema huko ni asili yao. Mlio wa mnyororo wa taimingi kwa sekunde moja au mbili gari likiwa baridi si kitu. Ukiendelea, mnyororo umelegea. Starlet hutumia mkanda, ambao unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukiambiwa umebadilishwa, uliza wapi, na lini.

Hapo ndipo tulipotakiwa kupanda mlima, na kwa hili Ngara tumebarikiwa. Mnunuzi wa Shinyanga hujaribu gari kwenye uwanda na haambiwi lolote. Sisi tuna vipimo vya bure kila upande. Tahadhari moja kwanza: injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, kama asilimia kumi kwa kila mita 1,000. Injini ya nguvu farasi 70 huko Japani, kwetu itatoa kama 60. Kwa hiyo usilione gari chovu kwa kuwa tu halipandi kama ulivyolikuta Mwanza.

Panda na abiria wanne, si peke yako. Tazama geji ya joto au taa yake, na isikilize giaboksi. Ikiwa ni ya otomatiki, injini ikipiga kelele zaidi huku mwendo hauongezeki, giaboksi inateleza. Ukihamisha kutoka N kwenda D, inatakiwa kugonga mara moja kwa upole. Ikikaa ikifikiri sekunde tatu, nne, basi imechoka. Chomoa kijiti cha haidroliki kama kipo: nyekundu ni nzuri, kahawia yenye harufu ya kuungua ni mwisho. Honda Fit na baadhi ya Vitz za toleo la pili zina giaboksi ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia, na hiyo inataka haidroliki yake mahususi. Nyingi zimeuawa na mtu aliyemimina ya kawaida kwa kukosa nyingine dukani. Kama unaishi Murukulazo na duka la karibu lenye haidroliki hiyo huna hakika nalo, ningekushauri uiache CVT kwa watu wa mijini.

Kisha teremka. Hiki kipimo wengi hawakijui. Kwenye mteremko mrefu acha gari lishuke likiwa kwenye gia, mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta, kwa nusu dakika au zaidi. Mmoja wenu akae nyuma akitazama kwenye kioo. Mkifika chini kanyaga mafuta. Likitoa wingu la moshi wa buluu mara moja kisha likasafika, sili za valvu zimekufa: wakati wa kushuka injini ilikuwa ikivuta hewa kwa nguvu bila kuipata, ikanyonya oili kupitia valvu. Ama moshi wa buluu ukiendelea muda wote wa kupanda, ringi za pistoni ndizo zilizolika, na hiyo ni kazi ya kufungua injini nzima. Sili za valvu unaweza kuishi nazo kwa kuongeza oili, ringi, hapana. Moshi mweusi ni mafuta mengi mno, na mara nyingi ni plagi au sensa. Mvuke mweupe wa alfajiri usikutishe, ni umande wa ekzosi. Usipokatika gari likishapata moto, na ukiwa na harufu ya utamu, tumerudi kwenye gasketi.

Kwenye barabara ya vumbi zima redio, fungua vioo. Kugonga mbele kwenye kila shimo ni bushi, boljointi au shokapu. Kwenye uwanja zungusha usukani mpaka mwisho na uende polepole kwa duara. "Tak, tak, tak" kutoka gurudumuni ni sivijointi. Haya yote hurekebishika na hayapaswi kukuvunja moyo. Yaandike tu, kila moja na bei ya spea yake.

Kuhusu kilomita, siamini zinazosomeka. Fungua mlango wa dereva uangalie pembeni ya fremu: mafundi wa Japani hubandika kikaratasi kila wanapomwaga oili, kikiwa na tarehe na kilomita za siku hiyo. Nimewahi kukuta dashibodi inasema 68,000 na kikaratasi kilichosahaulika kinasema 112,000. Kisipokuwepo, tazama mpira wa pedali ya breki na ngozi ya usukani. Pedali iliyolika mpaka chuma haijakanyagwa kilomita elfu sitini tu.

Bodi huangaliwa kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiponata, chini yake kuna puti, na pale paligongwa. Kugongwa mlango si neno. Kugongwa pale mbele rejeta inaposhikwa, au kwenye nguzo, ni neno zito. Lala chini utazame tumboni. Magari yaliyoishi Hokkaido huko Japani, kule wanakomwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, huja na kutu iliyokwisha kuanza, na udongo wetu mwekundu hujikusanya kwenye matao ya matairi na kuiweka mbichi. Ikiwa gari limetoka Dar es Salaam, inua zulia na uchungulie reli za viti. Tope kavu pale ndani halikuletwa na viatu. Gari hilo lilizama kwenye mafuriko, na nyaya zake zitakusumbua mpaka siku utakapoliuza. Matairi nayo yana tarehe: tarakimu nne ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka, kwa hiyo 2315 ni juma la 23 la mwaka 2015. Tairi la namna hiyo, hata likiwa na kashata nzima, limekauka na linaweza kupasuka kwenye lami ya Lusahunga mchana wa jua.

Asubuhi ile tulianza kama nilivyoeleza. Oili ya Vitz ya kijana ilikuwa nyeusi tu. Maji ya rejeta yalikuwa kahawia. Nilipoliwasha, mapovu yalikuja, tukasubiri, yakaendelea kuja. Paipu la juu lilikuwa limepata uvuguvugu tangu mwanzo. Hatukuhitaji kupanda mlima. Shemeji alisimama mikono nyuma akiyatazama mapovu yale kwa muda mrefu.

"Thamostati ipo, mwanangu?" niliuliza.

Kijana aliinamisha kichwa. "Nililinunua hivyo hivyo, mwalimu. Mimi mwenyewe sikuambiwa."

Nilimwamini. Nikamweleza kwamba gasketi yenyewe si ghali, ila hakuna anayejua hali ya hedi mpaka ifunguliwe na kuwekwa juu ya kitu kilichonyooka kabisa, ikapimwa, kwa maana upindo wa unene wa karatasi moja, sehemu ya kumi ya milimita, unatosha kuua gasketi mpya ndani ya mwezi. Shemeji akamwambia kwamba gari bado analipenda, lakini hanunui chuma kilichofungwa. Kama kijana atakubali kulifungua kwa fundi kwa gharama yake mwenyewe, sote tukiwepo, mazungumzo yataendelea. Walishikana mikono.

Hedi ilifunguliwa Jumatano, na ilikuwa imepinda. Juma lijalo nitaeleza walivyokaa chini na orodha ya spea, bei waliyoifikia, na kazi ambazo shemeji alizifanya katika mwezi wa kwanza kabla ya kupakia gunia hata moja.